Kamera ya Mke Wangu

Mzigo ulikuja na basi la Mwanza. Kondakta alinipigia simu, nikapanda bodaboda hadi stendi nikiwa na haraka kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Siku chache kabla, shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi Mwanza, alikuwa amesema kwenye simu kwamba amepata kamera mpya, na ile aliyokuwa akiitumia haina tena kazi kwake. "Nawatumia," alisema. Mimi nikasikia "nakutumia." Kwa nini nisisikie hivyo? Mpiga picha wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Nilipokabidhiwa boksi nililigeuza kutafuta jina langu. Lilizungushiwa selotepu pande zote, na juu yake, kwa kalamu nene, yaliandikwa majina yote matatu ya mke wangu. Langu halikuwepo. Nikalipakata hadi nyumbani Makanyagio, na kila pikipiki ilipoingia kwenye shimo nililibana kifuani, huku nikijiambia kwamba shemeji ameandika jina la dada yake kwa mazoea tu.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alifuta mikono kwenye khanga akalitazama boksi.

"Si ungelifungua tu, baba watoto."

"Lina jina lako," nikasema. Nilitaka acheke aseme jina ni jina tu. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akakata selotepu kwa kisu cha jikoni, akaitoa kamera taratibu, akaishika kwa mikono miwili. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi cha kaka yake: *Dada, sasa na wewe upige.*

Na wewe upige. Maneno hayo yalinikera kwa wiki nzima.

Niseme tulivyokuwa tunafanya kazi. Studio yetu iko Kashaulili, hapa Mpanda mjini, karibu na soko, chumba kimoja chenye kitambaa cheupe upande huu na cha bluu upande ule kwa ajili ya picha za pasipoti. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, mazishi, mimi ndiye niliyekuwa naitwa. Mke wangu nilimfundisha mimi mwenyewe tulipooana. Yeye alikaa kwenye kompyuta, akasafisha picha, akang'arisha nyuso, akachapa, akawapokea wateja. Siku nikiwa safarini alipiga pasipoti. Mimi nikirudi, kamera ilirudi shingoni mwangu. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi ndiye ningekuwa wa mwisho kuona ajabu.

Kamera yangu ni ya aina ile ya zamani, yenye kioo kidogo ndani. Kioo kinapeleka mwanga juu kwenye tundu unalochungulia, na ukibonyeza, kioo kinaruka, picha inapigwa, kinarudi. Klap. Mpanda nzima wanaijua sauti hiyo. Mtu akiisikia ananyoosha shingo. Hii iliyotoka Mwanza haikuwa na kioo. Watu wa kazi yetu wanaiita mirrorless. Unachungulia tunduni unaona televisheni ndogo, na kama chumba kina giza, televisheni inakuonyesha chumba kikiwa na mwanga kuliko unavyokiona kwa macho yako. Nilikuwa nimeisoma habari yake mtandaoni kwa miaka. Nilikuwa nimetazama video za watu wa nchi nyingine wakiilinganisha na za kioo, nikijifanya natafuta kitu kingine. Niliitamani kama mtu anavyotamani shamba la jirani, na sasa ilikuwa nyumbani kwangu, imening'inia kwenye shingo ya mtu mwingine.

Jioni ileile mama yangu alikuwa jikoni anachambua maharage. Mama amekaa nasi tangu alipohama Inyonga, na jiko letu lina dirisha moja dogo ambalo moshi umelifanya jeusi. Mke wangu alisimama mlangoni akainua kamera.

"Hapo hakuna mwanga," nikamwambia. "Fokasi haitashika, picha itakuwa na ukungu."

"Ngoja nijaribu."

Sikusikia kitu. Nilidhani hajabonyeza. Kumbe alikuwa ameshapiga, na mama aliendelea kutupa mawe ya maharage pembeni bila habari. Tulipoangalia kwenye skrini ya nyuma, niliona jicho la mama yangu, kope zake, na mstari mwembamba wa mwanga wa dirisha ndani ya mboni. Mimi nimempiga mama picha nyingi sana. Sijawahi kupata kope zake jikoni mle.

Mama aliichukua kamera akaisogeza puani.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Zile za mwanangu huwa nimekasirika."

"Mama, huwa unakasirika mwenyewe."

"Nikisikia ile klap nakakamaa. Hii haikuniambia kitu." Akampa mke wangu kamera, akamshika mkono. "Umefanya vizuri, mkwe wangu."

Nikatoka nje kuangalia nguo kama zimekauka. Zilikuwa zimeanikwa muda si mrefu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mke wangu alianza kuja nami kwenye shughuli kama msaidizi. Kwenye kumbi za hapa mjini, saa ya kuingia maharusi, wanazima taa kubwa wanaacha zile za rangi zinazozunguka, nyekundu, bluu, zambarau. Kwa kamera ya kioo hapo ni mateso. Ukichungulia, vile vidoti vya kulengea fokasi vimejikusanya katikati kama ng'ombe kisimani, na gizani kinachoaminika ni kile cha katikati peke yake. Kwa hiyo unakiweka kwenye jicho la bibi harusi, unashika fokasi, unaisogeza kamera ili picha ipangike, na kabla hujabonyeza bibi harusi ameshapiga hatua mbele. Unarudia. Lenzi inahangaika, inakwenda mbele, inarudi nyuma, inalia kama mbu. Unabahatisha. Miaka yote nimebahatisha vizuri, nasema bila aibu. Lakini mke wangu hakubahatisha. Ndani ya tundu la kamera yake kiboksi kidogo kilikuwa kinakaa juu ya jicho la mtu na kumfuata kila anakokwenda, na yeye kazi yake ilibaki kutazama.

Wateja wakaanza kupiga simu. Dada mmoja aliyetaka picha za sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, aliniuliza tarehe, nikampa.

"Lakini kaka, mama, yaani mkeo, ndiye atakayekuja, eti?"

"Tutakuja wote."

"Sawa, ila tungependa mama ndiye awe mbele."

Nilimjibu vizuri. Nikakata simu nikakaa nikiitazama kamera yangu mezani, mpira wake umebanduka upande wa kidole gumba, mahali ambapo kidole changu kimekaa tangu nilipokuwa kijana. Niliionea huruma. Halafu nikajionea huruma mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

Nikaamua tuzipime kamera zote mbili. Sikumwambia mke wangu kwamba nataka kushinda. Nilisema, "Ni vizuri tujue ipi inafaa wapi," nikaongea kama mwalimu. Ilikuwa mchana, wateja hakuna. Tulimwomba fundi cherehani wa chumba cha jirani, mama mmoja mcheshi, aje akae kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe. Nikatundika kitenge dirishani.

Kwanza tuliacha mlango wazi nusu. Kamera zote mbili zilishika. Tukausukuma mlango hadi ukabaki mwanya. Kwa kidoti cha katikati nilipata, nikapata tena, nikafurahi. "Sasa jaribu jicho likiwa pembeni," mke wangu akasema. Nikajaribu vidoti vya pembeni. Lenzi ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikakwama. Nilipopata, kilichokuwa safi kilikuwa sikio. Yeye akapiga kama anavyopiga saa sita ya mchana. Jicho, jicho, jicho.

"Funga mlango kabisa," nikasema.

Alifunga. Hatukuonana. Nilimsikia mke wangu akigeuza lenzi yake, ikihangaika sasa kama yangu inavyohangaika, akasema, "Mh, kiboksi kimepotea." Hapo nikawasha flashi yangu kubwa iliyo juu ya kamera. Ile flashi inarusha kwanza mistari myekundu kwa mbele, kamera ya kioo inaisoma mistari hiyo na kushika fokasi hata pasipo na mwanga wowote. Kamera yake haikujua kuisoma. Mistari ikatua usoni kwa fundi, lenzi yangu ikaguna mara moja, ikatulia. Klap!

"Umeona?" nikapiga kelele. "Umeona hiyo?"

"Mimi sioni kitu tena," fundi akasema gizani, anapapasa ukuta. "Mmenipofusha nyie."

Mke wangu alifungua mlango, akaja akaiangalia picha. Ilikuwa safi, kope zote. Akatikisa kichwa.

"Sawa, umenishinda. Kukiwa na giza la kaburini tutakuita wewe."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nimeshavimba kwa furaha na sikutaka furaha yangu ichekwe. Wiki ile nilimweleza kila mtu wa kazi yetu niliyekutana naye habari ya mistari myekundu. Sikuwaeleza habari ya mlango ulioachwa mwanya.

Ikaja harusi ya Katumba. Mke wangu kwao ni Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia kutoka Burundi. Wazazi wake walizaliwa Burundi, yeye akazaliwa hapa, na ukoo wao umejaa vijiji vya huko. Bibi harusi alikuwa binti wa mjomba wake. Tulifika asubuhi, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, mvua ilikuwa imekata lakini mawingu yamekaa chini na meusi. Wanawake walimkimbilia mke wangu wakamkumbatia, Kirundi kikachanganyika na Kiswahili, na mimi nikasalimiwa kwa heshima zote za mkwe nikapewa kiti na chai. Nilikunywa chai. Sikuangalia yeye amekwenda wapi.

Kanisa lilikuwa refu, madirisha madogo na machache, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nikatoa flashi yangu nikaifunga juu ya kamera. Kwa kweli nilifurahi kwamba umeme haupo.

Kabla ya ibada mchungaji alitujia.

"Nawaomba wapiga picha, msitumie ule mwanga. Baba wa bibi harusi ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho. Mwanga mkali unamuumiza."

Mke wangu akasema, "Hamna shida, mchungaji." Mimi nikafungua flashi, nikairudisha kwenye begi.

Mlango ukafunguliwa, kwaya ikaanza. Bibi harusi aliingia ameshikwa mkono na baba yake, mzee mrefu aliyevaa miwani nyeusi, anatembea kwa kupima kila hatua. Nikachungulia. Tunduni mwangu kanisa lilikuwa giza vilevile lilivyokuwa machoni, maana kioo hakidanganyi, kinakupa kilichopo. Nikaweka kidoti cha katikati kwenye shela. Shela jeupe, hewa ya kijivu, hakuna mstari wa kushika. Lenzi ikaenda mbele. Ikarudi. Ikaenda. Nikahamia kwenye kola ya mzee, ikashika, nikapiga. Nikatafuta tena. Mbele yangu mke wangu alikuwa amepiga goti pembeni ya benchi, mgongo wake umetulia kabisa, na nilijua kwa utulivu ule kwamba anapata kila kitu.

Nilijitahidi. Niligeuza lenzi kwa mkono, nikakisia umbali. Picha chache zilitoka, na mpaka leo nazithamini. Lakini ulipofika wakati wa maombi, kanisa lote limeinamisha vichwa, sauti pekee iliyobaki ilikuwa yangu. Klap. Klap. Nikahisi mkono begani. Mzee wa kanisa mmoja aliniinamia sikioni, kwa upole mkubwa.

"Mwanangu, hebu ipumzishe hiyo. Mwenzako anatosha."

Mwenzako anatosha. Nikarudi nyuma mpaka kwenye nguzo, nikaiacha kamera ining'inie tumboni. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumtazama mke wangu akifanya kazi yangu. Alisogea bila viatu, maana alivivua ili visilie sakafuni. Watu hawakumgeukia. Alipita kati yao kama ndugu, na alikuwa ndugu kweli. Yule mzee alipomkabidhi binti yake kwa bwana harusi, alivua miwani kufuta machozi, na mke wangu alikuwa pale pale, mbele yake kidogo. Niliona kidole chake kikishuka. Nilimwonea wivu.

Kesho yake mchana tulikaa studio, yeye kwenye kompyuta kama siku zote, tofauti ni kwamba safari hii picha zilikuwa zake. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma ya bega lake. Zilipita moja baada ya nyingine. Nilitafuta zilizoharibika. Wallahi nilikuwa nazitafuta. Mwishowe ikaja moja ambayo bibi harusi amekuwa kama ukungu, shela lote limeyeyuka.

"Hiyo imekosea," nikasema haraka.

Halafu nikaona kilichokuwa safi kwenye picha ile. Nyuma kabisa, kando ya nguzo, nilikuwa nimesimama mimi. Uso wangu ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko uso wowote wa siku ile. Midomo imebana. Macho yamemkodolea mpigaji kama ya mtu aliyeibiwa na anamtazama mwizi akiondoka.

Nikasogeza kigoda karibu na skrini.

"Hii ulinipiga kwa makusudi?"

"Hapana. Nilikuwa namfuata bibi harusi. Shela lilimfunika uso, kamera ikapoteza jicho lake, ikaruka ikashika la kwako." Akaikuza kidogo, halafu akairudisha ilivyokuwa. "Huo ndio ubovu wake. Inashika jicho lolote inaloliona."

"Sikujua natazama hivyo."

"Mimi nilijua," akasema. Hakuwa na hasira. "Nifute?"

"Futa."

Akafuta, akaendelea na inayofuata. Nilibaki pale nikijifanya naangalia.

Wiki iliyofuata bibi harusi na mama yake walikuja kuchagua picha ya kuweka kwenye fremu kubwa. Mke wangu alizichanganya picha zetu wote wawili bila kusema ipi ni ya nani. Walichagua ile ya mzee akivua miwani. Mama yake alipoiona aliweka kiganja mdomoni, akasema kitu kwa Kirundi, mke wangu akamjibu kwa lugha hiyohiyo, wote wakafuta macho. Fremu hutengeneza mimi. Nilikata mbao, nikapima kioo, nikaiweka ile picha mezani chini ya taa ili niikate kingo, na hapo, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, niliiangalia kwa haki.

Mwanga ulikuwa umeangukia upande mmoja wa uso wa mzee tu. Chozi lilionekana, na nyuma yake kulikuwa giza tupu. Mwanga ule umetoka wapi? Mimi nilikuwemo kanisani. Macho yangu yalikuwa kwa mke wangu, sikuona mwanga wowote.

Mke wangu alipoingia nikamuuliza. Nadhani lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza kuhusu picha bila kuwa na jibu langu tayari.

"Ulisimama wapi hapa?"

"Karibu na benchi la akina mama. Kuna mlango mdogo wa pembeni pale. Nyie mlipokuwa mnakunywa chai niliingia kuangalia, nikaona ukifunguliwa mwanga unafika mbele ya madhabahu. Nikamwomba mjomba wangu mwingine asimame pale mlangoni, aufungue wakati wa kumkabidhi binti."

"Ulipanga?"

"Nilipanga."

Nikaendelea kukata kingo. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejifariji kwamba ni kamera. Kamera mtu anaweza kuipata. Anaweza kuvumilia, akajinyima, siku moja naye akawa nayo. Lakini mlango ule ulikuwa wazi kwa kila mtu asubuhi ile, na mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Basi wivu wangu ukahama. Uliondoka kwenye kamera ukamhamia yeye mwenyewe, na huko ulikuwa mzito zaidi.

Yeye ndiye aliyesema tubadilishane kamera. Kulikuwa na kicheni pati iliyomhitaji yeye, wanawake peke yao, na mimi nilikuwa na mahafali ya chekechea kwenye ukumbi wa giza upande wa pili wa mji.

"Chukua yangu leo," akasema. "Watoto hawatulii, itakusaidia. Mimi niachie yako."

"Utaweza?"

Alinitazama tu, nikampa.

Ile mirrorless niliishika mchana mzima. Watoto walikimbia, walianguka, walilia, walivaa majoho yaliyowafika miguuni, na kiboksi kiliruka kutoka jicho hadi jicho na mimi sikufanya chochote ila kucheka. Nilijisikia kijana. Betri iliisha kabla ya hotuba ya mwisho, jambo ambalo kamera yangu haijawahi kunifanyia, na hata hilo nililisamehe. Sikutaka kuirudisha. Nilirudi nyumbani nimeining'iniza shingoni, nikipita njia ndefu.

Nilimkuta mke wangu ameketi sebuleni, kamera yangu iko mezani mbele yake kama mgeni aliyemkosea.

"Nimepoteza nusu ya picha," akasema. "Zaidi ya nusu. Pua, masikio, ukuta. Lenzi imenililia kutwa nzima, na kila nikibonyeza wanawake wote wananigeukia." Alisugua macho. "Umefanyaje kazi na kitu hiki miaka yote hii? Kwenye kumbi zile? Bila kukosa harusi hata moja?"

Nilitaka kujibu kwa majivuno, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kabla sijajibu alikwenda kunawa, nikaziona chache zilizotoka, kwenye skrini ya nyuma. Kulikuwa na moja, bibi mzee anamfunga mwali kilemba, wote wawili wameinamiana, mikono ya bibi imeshikwa safi kabisa kwa kamera yangu ileile. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga mimi kutwa nzima kwa kamera yake.

Chakula kilikuwa ugali na samaki, migebuka. Mama alikuwa amekula mapema akaenda kulala, watoto wako kwa jirani wanaangalia mpira. Nikamega tonge nikaliacha sahanini.

"Nakuonea wivu," nikasema.

"Najua."

"Siyo kamera tu."

"Najua pia." Alitoa mwiba kwenye samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. "Unafikiri mimi nilikuwa najisikiaje? Nimekaa kwenye ile kompyuta tangu tuoane. Nawasafisha watu madoa, nakunyooshea picha zilizopinda, wateja wanakuja wanasema mume wako ana mkono mzuri. Nilikuwa nawachekea. Halafu nafunga studio nakuja kupika. Nilikuonea wivu mpaka nikazoea. Kaka alijua, ndiyo maana aliandika vile."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Niliwaza ile miaka, mgongo wake kwenye kompyuta, na mimi nikiingia na kadi ya kamera nikiitupa mezani nikisema, "Fanya haraka, wanazitaka kesho." Nilidhani alikuwa ametosheka kwa sababu alikuwa kimya.

"Jumamosi tuna shughuli ukumbi wa Kashaulili," akasema, akikusanya sahani. "Nani anachukua ipi?"

"Wewe chukua yako."

"Una hakika?"

"Sina," nikasema, naye akacheka, na kicheko hicho nilikipenda, ingawa wivu haukuwa umeniisha.

Jumamosi tulikwenda. Mimi nilipiga wageni wakiingia, nje, jua likiwa bado lipo, kazi ambayo kamera yangu inaifanya mpaka leo bila kulalamika. Ndani alikuwa yeye. Katikati ya shughuli mshereheshaji alisimamisha muziki akawatambulisha watu wa kazi, wapishi, wapambaji, mpiga muziki, halafu akasema, "Na mpiga picha wetu mkuu!" Taa ikazunguka ikatua kwa mke wangu, ambaye alikuwa amepanda juu ya kiti na viatu vyake viko chini. Ukumbi wote ukapiga makofi. Nami nilipiga. Nilichelewa kidogo, lakini nilipiga.